Viti kumi na vinne: namna kundi dogo lenye siasa kali lilivyopata nguvu katika serikali ya Israeli



Katika vikundi vya kusikiliza redio, swali moja linarudi mara kwa mara: "Huko Israeli na Palestina, kwa nini mapigano yakisimama yanaanza tena? Nani anakataa?" Jibu moja halitoshi, kwa sababu ugomvi ule una mizizi mirefu na wenye makosa wako pande nyingi. Lakini kuna sehemu ya jibu ambayo watu waliokimbia makwao kwa ajili ya vita wanaweza kuielewa upesi: namna chama kidogo kinavyoweza kuwa na uzito kuliko kura zake, na namna wanaoumia si wale waliopiga kura. Ndiyo habari tunayotaka kueleza hapa.

Kwanza, neno la tahadhari

Katika makanisa yetu jina la Israeli linasomwa karibu kila Jumapili. Katika misikiti yetu jina la Al-Aqsa linatajwa kwa heshima. Kwa hiyo wengi wetu tunasikiliza habari za huko kwa moyo wa imani. Si vibaya. Lakini tutenganishe mambo. Israeli tunayoisoma katika Maandiko si kitu kimoja na serikali ya leo. Serikali ni watu waliochaguliwa, wanaopatia na kukosea kama serikali nyingine zote. Kuichunguza si kuwachukia Wayahudi. Na kuwahurumia Wapalestina si kuwaunga mkono wauaji.

Tukumbuke pia damu ya pande zote mbili. Tarehe 7 Oktoba 2023 wapiganaji wa Hamas na wenzao waliingia Israeli kutoka Gaza, wakaua watu wapatao 1,200, wengi wao raia, wakateka watu 251. Vita iliyofuata imeua makumi ya maelfu ya Wapalestina katika Gaza, na wanawake na watoto ni wengi kati yao. Kufuatana na Umoja wa Mataifa, watu karibu 9 kati ya 10 katika Gaza walikimbia nyumba zao, wengine mara nyingi. Upande wa Israeli pia, zaidi ya watu 100,000 waliondoka vijiji na miji iliyo karibu na Gaza na mpaka wa Lebanoni. Ninyi mnaosoma mnajua maana ya kufunga mizigo usiku bila kujua siku ya kurudi.

Serikali inaundwaje katika Israeli?

Bunge la Israeli linaitwa Knesset. Lina viti 120. Nchi nzima ni jimbo moja la uchaguzi: mwananchi hamchagui mbunge wa eneo lake, anachagua orodha ya chama. Chama kikipata asilimia 10 ya kura, kinapata karibu asilimia 10 ya viti. Lakini kuna kizingiti: chama kisichofika asilimia 3.25 hakipati kiti hata kimoja, na kura zake zinapotea. Kizingiti hicho kiliwekwa mwaka 2014; zamani kilikuwa chini zaidi.

Ili kuongoza nchi, waziri mkuu anahitaji wabunge 61. Tangu taifa hilo liundwe mwaka 1948, hakuna orodha hata moja iliyopata viti 61 peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa hiyo kila serikali ni serikali ya muungano: chama kikubwa kinaita vyama vidogo, wanakaa, wanajadiliana wiki nyingi, kisha wanaandika mapatano. Katika mapatano hayo kila chama kinaeleza kinataka wizara gani, sheria gani na fedha kiasi gani.

Utaratibu huo una wema wake. Makundi mengi yanapata sauti. Lakini una hatari yake, na tunaweza kuieleza kwa mfano wa kipoyi. Watu wanne wanambeba mgonjwa kwenye njia ya mlima. Mmoja anasema, "Tusipopita kwangu kwanza, ninaachilia." Kama kando ya njia yuko mtu wa tano aliye tayari kushika, wale watatu watamwambia, "Nenda zako." Kama hakuna, watapita kwake, hata kama njia ile ni ya mbali na mgonjwa anaumia. Nguvu ya yule mbebaji haitoki katika mabega yake. Inatoka katika ukosefu wa mtu wa tano.

Hao wenye siasa kali ni nani?

Magazeti yanawaita "wanasiasa wa mrengo mkali wa kulia". Maana yake katika Israeli ni watu wanaosema kwamba nchi yote kati ya Mto Yordani na bahari ni ya Wayahudi peke yao, wanaokataa kabisa kuwepo kwa taifa la Palestina, na wanaotaka makazi ya walowezi Wayahudi yaongezwe katika Ukingo wa Magharibi, yaani eneo ambalo jeshi la Israeli lilitwaa katika vita ya mwaka 1967. Wawili ndio wanaojulikana zaidi.

Wa kwanza ni Itamar Ben Gvir, kiongozi wa chama cha Otzma Yehudit, jina lenye maana ya Nguvu ya Kiyahudi. Ni mwanasheria, na makazi yake ni karibu na mji wa Hebroni. Katika ujana wake alikuwa mfuasi wa chama cha Kach kilichoanzishwa na rabi Meir Kahane. Mwaka 2007 mahakama ya Israeli ilimhukumu kwa kuchochea ubaguzi na kuunga mkono kundi la kigaidi.

Wa pili ni Bezalel Smotrich, kiongozi wa chama cha Uzayuni wa Kidini. Yeye ni mtoto wa makazi ya walowezi, na kwa miaka mingi alipigania ardhi ya Ukingo wa Magharibi iwe chini ya sheria ya Israeli. Ben Gvir anajulikana kwa maneno makali mbele ya kamera. Smotrich anajulikana zaidi kwa kazi ya ofisi, ya karatasi na bajeti. Tutaona kwamba karatasi zinaweza kuhamisha watu kama bunduki.

Mlango uliofungwa, na namna ulivyofunguliwa

Inafaa tujue kwamba zamani Israeli yenyewe ilikataa siasa za namna hii. Kahane alichaguliwa mbunge mwaka 1984. Aliposimama kuhutubia, wabunge wenzake walikuwa wanatoka nje, hata wale wa chama cha Likud ambacho ni cha kulia. Mwaka 1985 bunge lilitunga sheria ya kuzuia vyama vinavyochochea ubaguzi, na mwaka 1988 Kach ilikatazwa kushiriki uchaguzi. Kahane aliuawa New York mwaka 1990. Tarehe 25 Februari 1994, mfuasi wake Baruch Goldstein aliwapiga risasi Waislamu waliokuwa wanasali Hebroni, akaua 29. Baada ya mauaji hayo serikali ilikitangaza chama cha Kach kuwa kundi la kigaidi. Ben Gvir alikuwa ametundika picha ya Goldstein nyumbani mwake kwa miaka mingi; alitangaza kuiondoa mwaka 2020 alipokuwa anatafuta kura.

Basi, mlango ulifungukaje? Sababu tunaziona tatu.

Sababu ya kwanza ni kukwama kwa siasa. Kati ya Aprili 2019 na Novemba 2022 Waisraeli walipiga kura mara tano. Benjamin Netanyahu, kiongozi wa Likud, alishitakiwa kwa rushwa, udanganyifu na kuvunja uaminifu, na kesi yake ilianza mwaka 2020. Yeye anakana mashitaka yote. Lakini vyama kadhaa vya katikati na vya kulia, ambavyo zamani vingekubali kukaa naye, vilikataa. Kwa hiyo wabebaji wa kipoyi chake walipungua.

Sababu ya pili ni hesabu ya kizingiti. Netanyahu aliogopa kwamba vyama vidogo vya kulia vikienda kila kimoja peke yake, kura zao zitapotea. Mwaka 2022 aliwasukuma Smotrich na Ben Gvir waungane katika orodha moja, pamoja na chama kingine kidogo kiitwacho Noam. Wapinzani wake walifanya kinyume: vyama vya Waarabu viligawanyika, na vyama viwili vya kushoto havikuungana. Chama cha Meretz na chama cha Balad vilikosa kizingiti kwa kidogo tu. Kambi mbili zilikuwa zimekaribiana sana kwa kura, lakini kwa viti moja ilishinda wazi.

Sababu ya tatu ni hofu. Mwezi Mei 2021, wakati wa vita na Hamas, kulikuwa na ghasia kati ya Wayahudi na Waarabu ndani ya miji ya Israeli ambamo wanaishi pamoja. Majirani waliumizana. Mwaka 2022 mashambulizi dhidi ya raia yaliongezeka. Mtu mwenye hofu anamsikiliza yule anayemwahidi mkono wa chuma. Jambo hilo hatuhitaji kulifundishwa na watu wa mbali.

Matokeo ya tarehe 1 Novemba 2022 yalikuwa hivi: Likud viti 32, orodha ya Smotrich na Ben Gvir viti 14, vyama viwili vya Wayahudi washika dini, Shas 11 na Umoja wa Torati 7. Jumla ni 64. Serikali iliapishwa tarehe 29 Desemba 2022.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Katika viti 14, vya Smotrich vilikuwa 7, vya Ben Gvir 6, na vya Noam 1. Ukitoa 6 kwenye 64, inabaki 58. Ukitoa 7, inabaki 57. Kumbe kila mmoja wao peke yake aliweza kuangusha serikali nzima. Kura zao zote pamoja zilikuwa karibu asilimia 11 tu.

Walipewa funguo gani?

Katika kugawana madaraka, wengi wanahesabu idadi ya wizara. Afadhali kuuliza: ni wizara zipi, na zinafungua milango gani?

1. Polisi. Ben Gvir alipewa Wizara ya Usalama wa Taifa, ambayo zamani iliitwa ya Usalama wa Umma, pamoja na nguvu zaidi juu ya mwelekeo wa polisi na juu ya magereza. Baada ya 7 Oktoba 2023 wizara yake ililegeza masharti ya silaha, na makumi ya maelfu ya raia walipata vibali vya bunduki. Mara nyingi alipanda pia kwenye uwanja wa Al-Aqsa, mahali ambapo Wayahudi wanapaita Mlima wa Hekalu. Mara ya kwanza akiwa waziri ilikuwa tarehe 3 Januari 2023, siku chache tu baada ya kuapishwa. Mahali pale hatua moja ya mwanasiasa inaweza kuwasha moto.

2. Fedha. Smotrich alipewa Wizara ya Fedha. Kufuatana na mapatano ya miaka ya 1990, Israeli inakusanya ushuru wa bidhaa kwa niaba ya Mamlaka ya Palestina. Smotrich alizuia fedha hizo mara kadhaa, zote au sehemu yake. Matokeo yake walimu, wauguzi na polisi wa Palestina walipata nusu mshahara, au walingoja.

3. Ardhi. Huu ndio ufunguo ambao haukusikika sana redioni, lakini ni mzito kuliko mingine. Smotrich alipewa pia cheo cha waziri wa pili ndani ya Wizara ya Ulinzi. Mwezi Februari 2023 mambo mengi ya kiraia katika Ukingo wa Magharibi yalihamishiwa kwake: vibali vya kujenga, kubomoa nyumba, kupima ardhi, barabara za walowezi. Tangu 1967 kazi hizo zilikuwa mikononi mwa maofisa wa jeshi. Sasa zikawa chini ya mwanasiasa ambaye lengo lake analitaja wazi: kuzuia taifa la Palestina.

Ili kuelewa uzito wa ufunguo huo, tujue kwamba mapatano ya Oslo ya mwaka 1995 yaligawa Ukingo wa Magharibi katika maeneo A, B na C. Eneo C ni karibu asilimia 60, na liko chini ya Israeli kabisa. Mpalestina wa eneo C akitaka kujenga nyumba kwenye shamba la babu yake, anahitaji kibali ambacho karibu hakitolewi. Akijenga bila kibali, tingatinga linakuja.

Mwezi Mei 2025 serikali ilitangaza makazi 22 ya walowezi. Mwezi Agosti 2025 ilipitishwa mipango ya nyumba kama 3,400 katika eneo liitwalo E1, mashariki ya Yerusalemu, mahali ambapo kujenga kunaweza kukata Ukingo wa Magharibi vipande viwili. Smotrich mwenyewe alisema kwamba mpango huo unazika wazo la taifa la Palestina.

Nguvu ya kutishia kutoka

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mwaka 2025.

Katikati ya Januari mapatano ya kusimamisha mapigano yalifikiwa, na tarehe 19 Januari yakaanza. Yalikuwa na hatua tatu. Katika hatua ya kwanza mateka kadhaa wangerudi, wafungwa Wapalestina wangeachiliwa, na watu wa Gaza wangeruhusiwa kurudi kaskazini. Mamia ya maelfu walirudi kwa miguu, wengine wakikuta majivu tu. Hatua ya pili ilikuwa ya kumaliza vita.

Siku ile ile ya 19 Januari, Ben Gvir na mawaziri wa chama chake walijiuzulu. Serikali haikuanguka, kwa sababu mwezi Septemba 2024 mwanasiasa Gideon Saar alikuwa amejiunga na wabunge wanne, na muungano ukawa na viti 68. Lakini baada ya Ben Gvir kutoka, vilibaki viti vichache tu juu ya 60. Smotrich alibaki ndani na sharti moja: vita irudi baada ya hatua ya kwanza, la sivyo naye anatoka. Tena bajeti ilikuwa inangojea. Kufuatana na sheria ya Israeli, bajeti isipopita kabla ya mwisho wa Machi, bunge linavunjika lenyewe na uchaguzi unaitishwa.

Tarehe 18 Machi 2025 ndege za Israeli zilishambulia Gaza tena. Wizara ya afya ya Gaza ilihesabu zaidi ya watu 400 waliouawa siku ile. Ben Gvir alirudi serikalini wakati huo huo. Tarehe 25 Machi bajeti ikapita.

Je, vita ilirudi kwa sababu ya vyama hivyo tu? Hatuwezi kusema hivyo. Netanyahu alieleza kwamba Hamas ilikataa kuwaachilia mateka zaidi, na ndani ya Likud wengi walitaka vita iendelee. Hamas nayo ilikuwa na hesabu zake. Tena wako Waisraeli wanaosema kwamba Netanyahu anawatumia watu hawa kama kisingizio cha mambo anayoyataka mwenyewe. Lakini hesabu ya viti inaonyesha jambo moja bila shaka: amani ilikuwa na gharama kwa kiti cha waziri mkuu, na vita haikuwa na gharama hiyo. Mahali ambapo kiongozi akichagua amani anapoteza kazi, amani inaishi kwa shida.

Nguvu hiyo ina mipaka

Tusiwafanye watu hawa kuwa wakubwa kuliko walivyo. Mara kadhaa walishindwa.

Mwezi Oktoba 2023 Benny Gantz, mpinzani wa Netanyahu, aliingia katika baraza dogo la vita, na Smotrich na Ben Gvir wakaachwa nje ya baraza hilo. Mtu wa tano alikuwa amepatikana. Gantz alipotoka Juni 2024, baraza lile lilivunjwa, na uzito wao ukaongezeka tena.

Mwezi Oktoba 2025, mapatano mapya yaliyosukumwa na Rais Donald Trump wa Marekani yaliletwa mbele ya baraza la mawaziri. Ben Gvir na Smotrich walipiga kura ya kukataa. Walishindwa. Tarehe 10 Oktoba mapigano yalisimamishwa, na tarehe 13 Oktoba mateka 20 waliokuwa hai walirudi. Safari hii Netanyahu alikuwa na sababu ya kuiogopa Marekani kuliko kuwaogopa wabebaji wake. Tena mpinzani mkuu, Yair Lapid, alikuwa ameahidi mara nyingi kwamba wabunge wake wataishika serikali isianguke kwa ajili ya mapatano ya mateka. Na wale wawili hawakutoka serikalini. Mwenye kutishia kila siku, siku moja anaulizwa: utakwenda wapi?

Wananchi wa kawaida nao walikuwa na sehemu yao. Mwaka 2023 mamia ya maelfu ya Waisraeli waliandamana wiki kwa wiki kupinga mpango wa kupunguza nguvu za Mahakama ya Juu. Tarehe 1 Januari 2024 mahakama hiyo ilifuta sheria moja ya mpango huo kwa kura 8 dhidi ya 7. Familia za mateka zilisimama barabarani miaka miwili. Wako marabi na vijana Wayahudi wanaokwenda na wakulima Wapalestina kuvuna zeituni, ili walowezi wasiwapige. Kwa nje, mwezi Juni 2025 Uingereza, Kanada, Australia, Nyuzilandi na Norwe ziliwawekea Ben Gvir na Smotrich vikwazo, kwa kosa la kuchochea jeuri dhidi ya Wapalestina.

Tuongeze jambo moja ili tusikosee. Chama kidogo si kibaya kwa sababu ni kidogo. Mwaka 2021 chama cha Raam cha Mansour Abbas, chenye viti 4, kilikuwa chama cha kwanza cha Waarabu kinachojitegemea kuingia katika muungano wa serikali ya Israeli. Nacho kilitumia uzito wake: kiliomba fedha kwa miji ya Waarabu na huduma kwa vijiji vya jangwani. Utaratibu ni ule ule. Tofauti ni kile kinachoombwa, na nani anakilipia.

Wanaoumia na wasio na kura

Hapa tunafika kwenye kiini cha habari. Wapalestina wapatao milioni 3 wa Ukingo wa Magharibi hawapigi kura ya Knesset. Uchaguzi wao wenyewe wa bunge ulifanyika mara ya mwisho mwaka 2006. Kwa hiyo waziri anayeamua kama nyumba yao itabomolewa hahitaji kura yao, na akiwadhulumu hapotezi hata kiti kimoja. Walowezi wa maeneo yale yale wanapiga kura.

Tarehe 26 Februari 2023, ndugu wawili Waisraeli waliuawa kwa risasi katika mji wa Huwara, karibu na Nablus. Usiku ule walowezi wengi waliuingia mji, wakachoma nyumba na magari, na Mpalestina mmoja akauawa. Baada ya siku chache Smotrich alisema kwamba Huwara inapaswa kufutwa, na kwamba kazi hiyo ni ya serikali, si ya raia. Baadaye alijitetea kwamba hakukusudia hivyo. Lakini neno la waziri likitoka, linafika mbali kabla ya kusahihishwa.

Siku chache baada ya 7 Oktoba 2023, wafugaji wa Wadi as-Seeq, mashariki ya Ramallah, waliondoka wote kwa ajili ya vitisho na mapigo ya walowezi. Jamii nyingine za wafugaji ziliwafuata. Hawakuhamishwa kwa amri ya mahakama. Walihama kwa sababu usiku ulipofika hapakuwa na mtu wa kuwalinda. Mwanzoni mwa 2025, operesheni za jeshi katika kambi za Jenin, Tulkarm na Nur Shams ziliwaondoa watu kama 40,000. Kambi hizo zenyewe zilijengwa kwa ajili ya watu waliokimbia mwaka 1948. Wajukuu wa wakimbizi wakawa wakimbizi.

Tunajifunza nini?

Katika nchi yetu tunakumbuka miaka ya 2003 hadi 2006, wakati wa 1+4, rais mmoja na makamu wanne. Hali ilikuwa nyingine, na hatusemi kwamba mambo ni sawa. Lakini wengi wetu tulijifunza wakati ule kwamba kugawana viti si kugawana amani. Kutokana na habari ya Israeli tunatoa mawazo manne kwa viongozi na familia:

- Tusihesabu viti tu. Tuulize nani ameshika polisi, fedha na ardhi.
- Tuulize nani anaweza kuangusha meza, na kama yuko mtu wa tano wa kushika kipoyi. Wapenda amani wakigawanyika, wanamwachia mbebaji mmoja njia yote.
- Tuangalie karatasi. Kibali, ramani na hati vinahamisha watu kimya kimya. Kila familia ihifadhi hati zake za shamba na majina ya mashahidi wa mipaka.
- Tuuulize kama wanaoguswa na uamuzi wana sauti katika uamuzi. Mapatano yanayoandikwa bila waliokimbia, mara nyingi yanaandikwa juu ya migongo yao.

Muhula wa bunge lililochaguliwa mwaka 2022 unaisha kwa sheria mwezi Oktoba 2026. Yeyote anayeunda serikali baada ya hapo atakutana na hesabu ile ile ya 61.

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi

1. Katika kamati ya kambi yetu au kijiji chetu, je, kuna kundi dogo ambalo kila mtu analiogopa litoke? Linapata wapi nguvu hiyo?
2. Hofu ilipotuingia, tulimsikiliza nani? Alituahidi nini, na nani alilipa?
3. Wajane, vijana na wageni wasio na mtu katika baraza, nani anawasemea siku ya kugawa ardhi?

Tunawaomba mjibu kwa utulivu, bila kutaja majina ya watu, na mkumbuke kumpa nafasi yule ambaye hajasema kitu. Amani iwe nanyi.